Mtoto mdogo ajue mwili wake ni wake

Bukavu, mama akienda soko la Kadutu asubuhi, mtoto anabaki kwa jirani ao kwa mjomba. Na mara nyingi anayemtendea mtoto mabaya ni mtu anayejulikana nyumbani.

Wazazi wengi wanasema tu «sehemu za siri», basi. Lakini mbaya naye anamuambia mtoto: «hii ni siri yetu». Mtoto wa miaka mine atatofautisha siri hizo mbili namna gani? Afazali wakati wa kumuogesha, mzazi ataje kila kiungo kwa jina lake, bila kucheka: tumbo, matako, uume, uke. Amuambie: hapo mtu asikuguse, isipokuwa anayekuogesha, ao muganga nami nikiwepo. Mtu akikupa bombo ili unyamaze, kuja uniambie, hata akiwa baba mdogo.

Akikataa kukaa kwa magoti ya mgeni, hajakosa adabu. Tumuache.

Na siku akisema, asipigwe, asiulizwe mara kumi. Mambo ya familia kupatana kwa mbuzi hayamponyeshi. Apelekwe hospitali mbio, kama vile Panzi, mbele ya masaa 72 kupita: dawa ya kuzuia ukimwi inaanzishwa ndani ya muda huo.