NILILIPIWA NIPANDE MLIMA WA MOTO, NIKAAMBIWA: 'BASI, TURUDI!'

Likizo yangu mie ninayoijua ni kulala mpaka saa nne, kuamka, kunywa chai na kulala tena. Sasa hebu fikiria mtu anatoa pesa zake halali, akalale wiki nzima ndani ya mashua inayoyumba, asubuhi apande mlima, kesho yake apande mwingine, na wa mwisho uwe unatema moto. Na hiyo ati ndiyo likizo!

Nilicheka sana nilipohadithiwa. Lakini mcheka kilema hafi bila kumfika. Nimekwenda, nimerudi, na leo nakupa yote, hata yale ambayo sikumwambia dada yangu.

Ilikuwa hivi. Dada yangu wa tumbo moja kaolewa na Mtaliano, wanaishi Milazzo, mji wa bandari kaskazini mwa kisiwa cha Sicily. Baada ya kuhangaikia viza mpaka nikakaribia kukata tamaa, nilifika kwake mwezi wa Septemba. Shemeji ana rafiki yake nahodha, huchukua wageni wanane kwenye mashua ya matanga, anawazungusha visiwani kwa wiki moja. Mgeni mmoja akajitoa dakika za mwisho. Dada akalipia ile nafasi bila hata kuniuliza.

"Mdogo wangu," akaniambia, "umebeba mizigo ya Wazungu Kilimanjaro misimu miwili. Safari hii na wewe ubebwe."

Ni kweli. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa ya kusikitikia, nilikwenda Moshi kuwa mpagazi. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

VISIWA SABA VYA MOTO

Visiwa vyenyewe viko saba, vinaitwa Eolie: Vulcano, Lipari, Salina, Panarea, Filicudi, Alicudi na Stromboli. Vyote vimezaliwa na volkano kutoka chini ya bahari, na mwaka 2000 UNESCO ikaviingiza katika urithi wa dunia. Jina limetokana na Eolo, mungu wa upepo katika hadithi za Wagiriki wa kale. Wanasema ndiye aliyemfungia yule baharia Odiseo pepo mbaya ndani ya mfuko wa ngozi ili afike kwao salama, mabaharia wenzake wakaufungua kwa tamaa wakidhani una dhahabu. Dhoruba ikawarudisha walikotoka. Nahodha wetu alitusimulia hayo siku ya kwanza, kisha akasema: "Kwenye mashua hii, mfuko wa upepo naushika mimi peke yangu." Tukacheka. Sikujua kama lilikuwa somo.

Maisha ya mashuani, msomaji wangu, si ya hotelini. Chumba ni kitanda na ukuta. Maji ya kuoga ni kiduchu, choo kinapigwa pampu kwa mkono, na sanduku gumu halitakiwi kwa sababu halina pa kukaa. Unakuja na begi laini linalokunjika. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikaona nyota. Bibi mmoja Mjerumani, wa umri wa bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekaa pembeni anakula zeituni huku akinitazama kwa huruma.

Kisiwa cha kwanza kutoka Milazzo ni Vulcano. Hapo ndipo dunia ilipopata lile neno volkano, manake Warumi waliamini kiwanda cha mungu wao wa uhunzi, Vulcan, kimo ndani ya mlima ule. Kabla hujakiona vizuri unakinusa. Harufu ya mayai viza! Ni salfa hiyo, inatoka kwenye nyufa za mlima. Mara ya mwisho kulipuka ilikuwa kati ya 1888 na 1890, lakini usidhani umekufa. Mwishoni mwa 2021 gesi ilizidi mpaka wakazi wa karibu na bandari wakaamriwa wasilale majumbani mwao, na njia ya kwenda kwenye shimo la mlima ikafungwa. Sisi hatukupanda. Tuliogelea tu, tukaondoka.

Lipari ndicho kikubwa kuliko vyote. Upande mmoja kuna mteremko mweupe kama unga wa sembe, kumbe ni mawe yale mepesi yanayoelea majini, ndugu za lile jiwe la kusugulia miguu. Yalichimbwa miaka mingi mpaka machimbo yakafungwa mwaka 2007. Kuna na jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa, ambalo watu wa zamani, kabla ya kujua chuma, walitengenezea visu na kuvifanyia biashara ng'ambo ya bahari.

Kisha Salina. Hapa ndipo miguu yangu ilipofurahi. Kina milima miwili iliyofanana, Wagiriki walikiita kwa jina lenye maana ya pacha. Ule mrefu, Fossa delle Felci, una mita 962 na ndio mrefu kuliko yote katika visiwa hivyo. Njia inapita msituni, kileleni kuna bonde lililokuwa shimo la volkano, sasa limejaa majani. Kwa mtu wa Kilimanjaro ni matembezi ya kushusha chakula. Wenzangu walikuwa wanahema, mie napiga mluzi. Juu unaviona visiwa vyote vimekaa baharini kama kuku wamelalia mayai, na mbali kabisa, kimoja kinafuka moshi.

"Ule ndio Stromboli," nahodha akasema. "Kesho kutwa."

MITA MIA MOJA NA KUMI TU

Stromboli hauna mapumziko. Unalipuka kila baada ya dakika kumi, ishirini hivi, na umekuwa ukifanya hivyo kwa miaka isiyopungua elfu mbili. Mabaharia waliuita mnara wa taa wa Mediterania kwa sababu moto wake unaonekana usiku kutoka mbali. Urefu wake juu ya maji ni mita 900 na ushee, lakini sehemu kubwa zaidi imezama. Na chini yake, msomaji wangu, watu wanaishi! Nyumba nyeupe, bustani za ndimu, kanisa, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga mweusi kama makaa.

Wanaishi nao kwa adabu. Tarehe 30 Desemba 2002 ubavu wa mlima uliporomoka baharini, maji yakainuka na kuvunja nyumba za ufukweni. Bahati ilikuwa msimu wa baridi, wageni hawakuwepo. Tarehe 3 Julai 2019 ulilipuka mlipuko mkubwa bila kubisha hodi, mtu mmoja aliyekuwa akitembea mlimani akafa. Agosti mwaka huo huo ukarudia. Kabla ya hapo makundi yalikuwa yanafika mpaka juu, yanachungulia mashimo. Baada ya 2019 ikawa basi. Utaratibu ukawa huu: mpaka mita 290 uliweza kwenda mwenyewe, kutoka hapo mpaka mita 400 ilikuwa lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na mlima ulipochafuka hata hapo palifungwa.

Tulitia nanga jioni. Hakuna bandari ya kujificha pale, kwa hiyo nahodha alibaki mashuani kuilinda nanga, sisi tukashuka kwa boti ndogo. Mwongozaji alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, miguu kama ya mchezaji mpira. Akatugawia kofia ngumu, akakagua viatu na tochi za kila mmoja, mwisho akauliza nani anaumwa na nani anaogopa. Hakuna aliyejibu. Akatabasamu kama mtu anayejua.

Tukapanda taratibu, jua linazama. Kila baada ya muda mlima unakohoa, BUUM, halafu unasikia mawe yanabingirika kwenye ule mteremko wao wa moto, Sciara del Fuoco, mpaka baharini. Sauti yake ni ya lori linalomwaga kokoto. Nywele zilinisimama, lakini kwa raha.

Tukafika mita 290. Mpango ulikuwa twende 400. Mama akasimama, akaongea kwenye redio yake, akasikiliza, akaongea tena. Kisha akageuka.

"Basi. Leo ni hapa. Tutakaa, tutatazama, tutarudi."

Jamani! Palizuka kasheshe. Bwana mmoja kwenye kundi letu, mtu mzima wa kunizaa, aliwaka kuliko hiyo volkano. Alisema kalipa, kasafiri kutoka mbali, miaka anaiota siku hii, na wote tunaona kwamba mlima unafanya yale yale ya kila siku. Mita mia moja na kumi tu!

Na mie nakiri, moyoni nilikuwa upande wake. Dada kanilipia jasho lake. Nitarudi lini Ulaya? Nilitaka kusema, "Mama, tusogee kidogo tu."

Yule mama hakupandisha sauti. "Mlima huu nimezaliwa chini yake," alisema. "Wanaoupima wameniambia sauti yake imebadilika kidogo. Pengine si kitu. Lakini nikikosea mimi kwa kukurudisha, utanikasirikia. Nikikosea kwa kukupeleka, hutakuwepo wa kunikasirikia."

Akaketi juu ya jiwe, akatoa mkate wake akaanza kula.

NILICHOKUMBUKA PALE

Nikaketi na mie. Ndipo Kilimanjaro iliponirudia.

Msimu wangu wa kwanza tulikuwa na mgeni mmoja mpole sana. Kufika Kibo, mita 4,720, alikuwa anaumwa kichwa, chakula hakikai tumboni, anatembea kama mlevi. Waongozaji wazuri wengi wapo mlimani pale, lakini wetu siku ile alikuwa anaiwazia tipu, na wote tulikuwa tunaiwazia. Mgeni akaniuliza mimi, mtoto wa watu, kwa sababu nilikuwa nampelekea chai: "Unanionaje, niko sawa?"

Nilijua hayuko sawa. Nikamwambia, "Uko poa kabisa, bosi."

Saa sita usiku wakaondoka kuelekea kileleni. Saa kumi alfajiri tukaitwa wapagazi tukimbie na machela. Tulimshusha tukipokezana, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma. Alipona, Mungu ni mkubwa. Alipopata nafuu alitupa tipu, na mie nikapewa yangu, tena nzuri. Nilinunua viatu. Sijawahi kumwambia mtu viatu vile vilitoka wapi. Dada, ukisoma hapa, sasa umejua.

Pale Stromboli nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kaunta, kama wanavyosema wauza duka. Safari hii mteja ni mimi, ninayetaka kudanganywa kwamba kila kitu ni poa, na mbele yangu kuna mtu anayekataa kunidanganya ingawa tipu yake iko hatarini. Niliona aibu, msomaji wangu, gizani, peke yangu.

Sasa unataka kujua, je, mlima ulilipuka? Haukulipuka. Ulikohoa vile vile, cheche nyekundu zikarushwa juu, zikashuka, sisi tukashangilia kama watoto. Tulikaa karibu saa nzima, kisha tukateremka kwa tochi. Yule bwana alimpita mwongozaji bila kumuaga. Kwake yeye, mama alikuwa amekosea, na ushahidi alikuwa nao.

Lakini mimi najua ushahidi wa aina hiyo. Mwongozaji anayekurudisha salama siku zote ataonekana alikosea, manake lile baya halikutokea ukaliona. Na mlima ule hauna ahadi na mtu: Julai 2024 uliteremsha lava mpaka baharini, na tarehe 11 ya mwezi huo ukapiga mlipuko mkubwa.

Mfukoni nilikuwa na noti ya euro ishirini niliyopewa na dada ninunulie zawadi. Nilimfuata yule mama gatini nikampa. Akashangaa. "Hata kule juu sikukufikisha," alisema.

"Ndiyo maana," nikamjibu.

Usiku ule nahodha alitupitisha na mashua mbele ya Sciara del Fuoco, kwa mbali kama sheria inavyotaka, taa zimezimwa. Kutoka baharini tuliyaona mawe mekundu yanaruka na kubingirika kwenye mteremko. Hata yule bwana alinyamaza.

UKITAKA KWENDA

Kwa wewe mwenye uwezo, au mwenye dada Ulaya: nenda Mei, Juni au Septemba, Agosti ni joto na watu wamejaa tele. Chukua viatu vya kushika kifundo, tochi ya kichwani, koti la upepo, maji ya kutosha na dawa ya kichefuchefu umeze kabla mashua haijaondoka, si baada. Ulizia sheria za mlima za siku ile ile, manake hubadilika. Na kabla hujalipa, muulize mwongozaji swali moja: ni lini mara ya mwisho aliwarudisha watu njiani? Akikwambia hajawahi, tafuta mwingine.

Na wewe mdogo wangu unayebeba mizigo Kilimanjaro, mgeni akikuuliza kama yuko sawa, mwambie ukweli. Viatu vitapatikana tu.

Tukutane wiki ijayo, hapa hapa.