Kikao cha Mashairi Darasani

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja niliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya msingi iliyo karibu na ziwa hapa Nyegezi. Msichana mmoja alisimama akasoma shairi alilolitunga mwenyewe juu ya taa za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi, akazifananisha na kijiji kilichohamia majini. Katika ubeti wa pili alimtaja baba yake, ambaye alikuwa kwenye kambi ya wavuvi kisiwani kwa miezi mingi. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha akaniomba niseme neno. Nami nikasema kwamba mshororo ule wa baba una mizani 14 badala ya 16. Msichana akaketi. Kipindi kilichofuata hakuleta kitu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kuitanguliza. Makala haya yaeleza njia niliyoishika tangu hapo.

Mwalimu mwanafunzi hana budi kukumbuka kwamba shairi la Kiswahili tangu zamani limekuwa maneno ya watu wawili au zaidi. Mtunzi hutoa neno barazani akitazamia kujibiwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, liliyafikisha malumbano hayo hata bara, washairi wa miji ya mbali wakajuana kwa beti kabla ya kuonana kwa macho. Baadaye chama cha UKUTA kiliwakusanya watunzi, na Mathias Mnyampala, mmoja wa viongozi wake, akazipatia shule ngonjera, yaani majibizano ya kishairi yenye kuigizwa. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1969. (Ngonjera imechakaa kidogo mikononi mwetu: mara nyingi watoto hukaririshwa beti za mwalimu ili zimpendeze mgeni wa heshima.) Kwa watoto wa Kisukuma nalo jambo hili si geni. Vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika hushindana kwa nyimbo, na manju asiyemsikiliza mwenzake hana la kumjibu.

Basi darasa na ligeuzwe baraza. Ikiwa wanafunzi ni 80, wagawe katika vikundi vya watu 8, kila kikundi na shairi moja la mwenzao. Shairi lisomwe mara mbili, mara ya pili kwa kughaniwa, naye mtunzi anyamaze. Wenzake waseme kwanza walichokiona. Swali la “Umeona nini?” hujibiwa hata na mtoto mwenye haya, hali “Shairi hili lina ujumbe gani?” huwainamisha wote vichwa. Kisha kila mmoja ataje neno ambalo angependa liwe lake. Hapo ndipo ije zamu ya mizani, wala isihesabiwe na mwalimu. Kikundi kighani huku kikipiga kofi kwa kila silabi, na pale ulimi unapojikwaa mtunzi mwenyewe atapasikia. Akitaka msaada, wenzake wampe maneno mawili matatu achague. Kazi ya nyumbani ni ubeti mmoja wa kumjibu.

Na mtoto asiyetaka vina kabisa? Swali hili limekwisha kuwagawanya wakubwa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma katika Seminari ya hapa hapa Nyegezi, alitoa Kichomi mwaka 1974, na mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yakazusha mabishano makali na wanajadi, walioshika kanuni kama zile alizozieleza Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mimi hufundisha kanuni kwanza, maana mtu hawezi kuacha asichokijua. Lakini shairi la mtoto lisilo na vina nalo lisomwe kikaoni, liulizwe swali lile lile la kwanza.

Wiki ya mwisho ya mazoezi mwanachuo yule alilirudisha shairi la taa darasani, kwa ridhaa ya msichana, na vikundi vikatunga majibu. Kimoja kilisema kwa sauti ya dagaa, darasa likacheka sana. Kingine kilijibu kana kwamba ni baba, akiuliza habari za nyumbani. Msichana aliomba jibu hilo lisomwe tena, kisha akachukua kalamu. Hakuniuliza mizani, nami sikuhesabu.