Lami Imefika Bulla, Nani Atapunguza Mwendo?

Wasomaji wetu wa Minneapolis wanajua kuwa barabara za makazi kule mwisho ni maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Jiji hilo na jirani yake Saint Paul waliamua hivyo mwaka 2020, baada ya sheria ya jimbo la Minnesota ya mwaka 2019 kuipa miji ruhusa ya kujipangia mwendo. Garissa, waliko mama zetu na wadogo zetu, sheria inaruhusu kilomita 50. Ni 50 kwenye barabara kuu ukishavuka daraja la Tana kutoka Madogo, ni 50 Barabara ya Ngamia, na ni 50 hiyo hiyo kwenye kichochoro cha Bulla Iftin ambako tuktuk mbili zikikutana lazima moja ipande kando. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haitofautishi. Ukiwa ndani ya mpaka wa mji, kwa kawaida ni 50.

Zamani jambo hili halikumnyima mtu usingizi kwa sababu mchanga ndio uliokuwa askari wa trafiki. Gari lililozama nusu gurudumu halifiki hata 30. Miaka ya karibuni mitaa kadhaa ya mji imepata lami au kabro, mifereji ya maji imechimbwa, na vumbi limepungua. Hayo tuliyaomba tangu enzi za babu zetu, na sitaki nisikike kama mtu anayelilia mchanga. Lakini barabara ilikuja peke yake. Njia ya miguu mara nyingi haikuja nayo, kivuko hakikuja, na ule mwendo ambao ardhi ilikuwa ikiuzuia bure sasa hauna wa kuuzuia.

Tofauti ya 30 na 50 inaonekana ndogo kwenye dashibodi. Barabarani si ndogo. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja kati ya kuona hatari na kukanyaga breki, na kwa mwendo wa 50 sekunde hiyo inakula karibu mita 14. Kwa mwendo wa 30, gari huwa limeshasimama kabisa ndani ya mita 13 hivi, kama lami ni kavu na breki ni nzima. Kwa hiyo mtoto akichomoka nyuma ya mkokoteni mita 14 mbele yako, wewe wa 30 unasimama na kumgombeza. Mwenzako wa 50 anamfikia kabla breki haijashika. Na breki za Garissa, kwenye lami iliyomwagikiwa mchanga na upepo wa mchana, hazishiki kama za kwenye kitabu. Kenya hupoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu.

Halafu kuna saa za mji wenyewe. Nairobi hujaa asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi. Garissa joto hupita nyuzi 35, na mchana mtu mwenye akili yuko kivulini. Mji huamka baada ya alasiri. Simama kwenye njia yoyote ya bulla, yaani mtaa wa makazi, saa kumi na moja jioni: punda anavuta pipa la maji, wasichana wanatoka dugsi, madrasa ya Kurani, wamekumbatia misahafu, vijana wameweka mawe mawili kuwa goli katikati ya barabara, mbuzi wanarudi nyumbani bila mchungaji, wazee wanatangulia msikitini. Ni saa hizo hizo ambapo mji unasubiri miraa kutoka Maua, na kila aliyewahi kuvuka barabara kuu jioni anajua gari la miraa halisubiri mtu, kwa sababu jani likilala bei nayo inalala. Kisha adhana ya magharibi inaingia, giza linashuka upesi, na mitaa mingi haina taa.

Ndiyo maana hata ile nafuu iliyomo kwenye sheria haitutoshi. Sheria ya Trafiki ilifanyiwa marekebisho yanayotaka mwendo usizidi kilomita 30 karibu na shule, kuanzia chekechea hadi sekondari, saa za wanafunzi kuingia na kutoka. Ni jambo zuri. Lakini aliyeiandika alikuwa na kengele ya shule kichwani. Mtoto wa Garissa huenda dugsi alfajiri kabla ya shule na hurudi tena jioni, na dugsi nyingi ni banda la mabati ndani ya bulla, lisilo na kibao wala alama barabarani. Saa zake za hatari ziko nje ya saa za sheria. Kilomita 30 kwa mtaa mzima, usiku na mchana, ingemaliza hesabu hiyo, na dereva asingehitaji kutazama saa.

Kuandika 30 kwenye kibao ndiyo sehemu rahisi. Kibao hakipunguzi mwendo pasipo askari mwenye kipima mwendo, na kumweka askari kila kichochoro haiwezekani. Kinachopunguza ni tuta, na Garissa inajua matuta. Ajali ikitokea, jioni hiyo hiyo vijana hubeba mawe, udongo na tairi kuukuu wakajenga lao. Nawaelewa kabisa. Lakini tuta lisilo na rangi wala kibao, kali kama ukuta, humwangusha mtu wa bodaboda usiku na kumtikisa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya rufaa. Tuta la kitaalamu huwa bapa juu, na miteremko yake ni mirefu kiasi kwamba gari la mwendo wa 30 hupita bila kuruka. Likipakwa milia na juu yake pakiwa na kivuko, mtoto anavuka kwa usawa wa njia ya miguu na dereva anamwona mzima.

Mfano hauko mbali. Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likipima njia za watoto kuzunguka shule za msingi, kisha kujenga kinachokosekana: matuta, vivuko, njia za miguu, vibao, na mara nyingine lango jipya la shule upande usio na barabara kuu. Utafiti ulionyesha kuwa majeruhi miongoni mwa watoto wa shule hizo walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross. Hakuna mtambo uliotoka ng'ambo. Ni saruji, rangi na mtu aliyekubali kutembea na watoto hadi shuleni akiwa na daftari.

Kwetu kuna jambo moja zaidi ambalo wataalamu wa barabara hawaligusi, nalo ni diya, fidia ya damu. Mtu akigongwa akafa, mara nyingi wazee wa pande mbili hukaa kabla kesi haijafika mbali. Kwa desturi maisha ya mwanamume ni ngamia 100, ya mwanamke 50, ingawa siku hizi ngamia hao huhesabiwa kwa shilingi na kupunguzwa kwa maelewano. Anayelipa ni ukoo, si dereva peke yake. Desturi hii imezuia damu nyingi kumwagika kwa kisasi, na siibezi. Ila kijana aliyekuwa na haraka hulipa sehemu ndogo tu ya haraka yake, na nyingine hutufikia sisi ughaibuni kwa ujumbe wa WhatsApp, tukichangishwa kwa ajili ya ajali ya mtu ambaye pengine hatujawahi kumwona. Wazee wanaoweza kupanga ngamia 100 hawashindwi kukubaliana kuwa dereva aliyeua ndani ya bulla akiwa kasi abebe fungu zito zaidi. Maimamu nao wana hotuba ya Ijumaa. Binafsi naona hilo lingesikika kuliko faini ya shilingi 500, ambayo kanuni za mwaka 2016 humtoza aliyezidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10.

Wapo watakaopinga, na wana sababu. Magari ya usalama na ya mashirika yanayotoka upande wa Dadaab na Liboi huenda kasi kwa kuhofia mabomu ya kutegwa. Nje ya mji hilo ni suala la uhai na makala hii haiingii huko. Kosa ni mwendo huo kuingia nao hadi mlango wa nyumba. Wengine watasema biashara itachelewa, ingawa kichochoro cha nusu kilomita ukikipita kwa 30 badala ya 50 unapoteza sekunde 24. Hata Wales, ilipoteremsha mitaa yake hadi maili 20 Septemba 2023, karibu watu 470,000 walitia saini kupinga, na baadaye halmashauri zikaruhusiwa kurudisha barabara chache kwenye maili 30. Sehemu kubwa ilibaki, na majeruhi kwenye barabara hizo walipungua kwa takriban robo. Helsinki, ambako ndugu zetu Wasomali ni wengi na zaidi ya nusu ya barabara ni kilomita 30, ilimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa barabarani.

Nani aamue Garissa? Barabara kuu ni ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KeNHA. Barabara za kaunti, zikiwemo nyingi za ndani ya bulla, ziko chini ya serikali ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na sheria inaruhusu mwenye barabara kuweka mwendo wa chini kuliko 50 akisimamisha vibao. Kwa hiyo barua isiende Nairobi. Iende kwa wawakilishi wa wadi nne za Garissa mjini: Waberi, Galbet, Township na Iftin. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kila mara baada ya maoni ya wananchi, ambayo huweza kutolewa kwa maandishi. Anayechangia kisima na dugsi kutoka Minneapolis au Cardiff anaweza kumwomba mdogo wake apeleke ukurasa mmoja wenye majina ya njia tatu, mahali dugsi zilipo, na idadi ya matuta yanayotakiwa.