Kwanza Ujue Kuanguka

Wazazi wengi katika makambi na site zetu wanaingiwa na woga mtoto akiomba ruhusa ya kwenda judo. Mama anasema: "Ule mutoto akijua kupigana, kesho atapiga na wadogo yake." Baba anajibu: "Muache aende, ajue kujitetea." Ndugu msomaji, nani ana haki? Tuangalie pamoja.

Judo ilianzishwa na mwalimu mmoja wa Japani, Jigoro Kano, mwaka 1882. Alianza ndani ya hekalu moja mjini Tokyo, kwa mikeka 12 na wanafunzi wachache tu. Alikuwa mtu wa mwili mdogo, na katika ujana wake wenzake wenye nguvu walimwonea. Angaliweza kufundisha kisasi. Lakini katika mazoezi ya kushindana aliondoa mapigo ya hatari, akawapa wanafunzi shabaha mbili: tumia nguvu zako vizuri, na uendelee pamoja na mwenzako.

Je, siku za kwanza mwanafunzi anafundishwa nini? Kuangusha watu? Hapana. Anafundishwa kuanguka: kukunja kidevu ili kichwa kisigonge chini, na kupiga mkeka kwa mkono. Wewe mtoto wa mchimbaji unaelewa neno hili: mtu hashuki ndani ya shimo mbele ya kujua atatoka namna gani. Kijana anaanguka mara mingi, mbele ya wote, hata mbele ya wadogo kwake. Kiburi kinapungua. Anaona kwamba kuanguka si kufa: unaamka, unainama kwa heshima, unaanza tena. Aliyekosa diploma ao kazi, si anahitaji somo hili?

Somo la pili: mwili wa mwenzako umewekwa mikononi mwako. Ukimwangusha, unashika mkono wa kimono yake ili aanguke vizuri. Ukimkaba na yeye akapiga mkeka mara mbili, unamwachilia palepale. Hakuna kusema "ngoja kidogo". Anayejua kuvunja mkono na hauvunji, huyo ndiye mwenye nguvu.

Mwaka 1964, kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Anton Geesink wa Uholanzi alimshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya watu wa kwao. Wafuasi wa Geesink walitaka kukimbilia juu ya mkeka kwa furaha. Yeye akainua mkono, akawazuia. Hakutaka mwenzake adharauliwe.

Lakini tusidanganyane. Kimono peke yake haigeuzi moyo wa mtu. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenganisha na jamaa yake akiwa mtoto. Kisha siku 8 ndani ya pori aliokotwa, akapelekwa Kinshasa. Huko alijifunza judo, na amesema kwamba ilimpa utulivu na nidhamu. Lakini amesema tena kwamba waliposhindwa, walifungiwa na kunyimwa chakula. Mwaka 2013 alikuwa Rio de Janeiro kwa mashindano, akaomba hifadhi kule Brazili. Mwaka 2016 aliingia Olimpiki katika kundi la wakimbizi, akashinda pigano lake la kwanza. Mchezo ni ule ule mmoja: uliweza kumtuliza mtoto wa vita, na ndani ya mikono mibaya ukawa mateso.

Basi, mzazi, usiulize tu bei ya kimono. Nenda ukae pale jioni moja, uangalie. Mwalimu anaanza kwa kufundisha kuanguka? Mtoto akipiga mkeka, wanamwachilia mara moja? Aliyeshindwa anapokelewa namna gani: kwa mkono, ao kwa matusi na fimbo? Ukiona matusi, chukua mtoto wako, mrudi nyumbani. Ukiona heshima, mwache ajifunze.

Na wewe kijana, usituonyeshe rangi ya mkaba wako. Siku mdogo wako anakosa, na unajua kabisa kwamba unamshinda nguvu, siku ile tutaona kama ulijifunza judo.