Kukhu na Mikono ya Jagi

Kwa kukhu, yaani nyanya yangu, nje kidogo ya Bungoma, mgeni hagusi ugali kabla hajanawishwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu: jagi la plastiki mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, naanza na mkubwa wa umri. Nikimwaga maji nje ya beseni, kukhu hanigombezi. Husimama tu mlangoni, mikono yote miwili kiunoni, viwiko nje.

Sasa nauza chakula Kitale. Siku moja mteja kutoka Uhispania alionyesha jagi langu la maji akasema kitu kama "kharra". Huandikwa jarra; j yao inakaribia kh ya kheri. Wana jarro pia, lakini hilo huwa na mkono mmoja tu. Jarra yaweza kuwa na miwili.

Neno lenyewe si lao tangu mwanzo. Ni la Kiarabu, jarra, mtungi wa udongo. Waislamu walivuka kutoka Afrika Kaskazini hadi Uhispania mwaka 711, na mji wa mwisho waliotawala, Granada, ukaanguka 1492. Watawala waliondoka, majina ya vyombo yakabaki jikoni. Alcarraza nalo lina asili ya Kiarabu: mtungi wa udongo mtupu unaotoa jasho. Maji hupenya kwenye udongo, yakikaukia nje huondoka na joto, ya ndani yakabaki baridi. Nyungu ya kukhu ilifanya hivyohivyo pembeni mwa jiko, na haikuwahi kudai tokeni za stima.

Jarra hiyo ilipitia Ufaransa ikafika Uingereza ikawa jar. Jagi letu ni la Waingereza pia, ila limetoka kwenye jug, neno jingine kabisa. Pipa tulipewa na Wareno, majirani wa Wahispania. Na birika ni ibriq ya Waarabu, ambao nao waliitoa Uajemi, ambako maana yake ni kimiminia maji. Kabati la vyombo la Mswahili lina wageni wengi kuliko harusi.

Lakini lililonifanya niweke mwiko chini ni hili: mtu aliyeshika kiuno kwa mikono miwili, Wahispania husema yuko en jarras. Amegeuka chombo, viwiko vyake ndiyo mikono ya kukibebea.

Nilimpigia kukhu simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko nako wajukuu humwaga maji.