Matatu ya Kiserian na hesabu ya wufa

MSAFIRI anayeabiri matatu nambari 126 kutoka Nairobi kwenda Kiserian huisikia hata kabla ya kuiona. Katika njia hiyo ya Barabara ya Magadi, inayopitia Ongata Rongai, mdundo ni chambo cha abiria, hasa vijana. Ndiposa wenye magari hununua amplifaya na wufa kwa kutazama tarakimu kubwa iliyochapishwa kwenye katoni. Tarakimu hiyo ndiyo huwatia hasarani.

Wati 2,000 zinazotangazwa pale mara nyingi ni nguvu ya kilele, ambayo chombo hutoa kwa kufumba na kufumbua tu. Inayofaa kulinganishwa ni nguvu ya kudumu, ambayo huandikwa RMS. Wufa ya wati 300 za RMS yastahili amplifaya itoayo wati zipatazo 300 za aina hiyo, tena kwa ukinzani uleule wa wufa.

Ukinzani huo hupimwa kwa omu. Wufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, amplifaya huona omu 2. Zikiungwa mfululizo, huona omu 8. Amplifaya isiyostahimili omu 2 ikibebeshwa mzigo huo huchemka na kujizima, au huungua kabisa.

Ajabu ni kwamba amplifaya dhaifu pia huua spika. Dereva huongeza sauti hadi chombo kiishiwe nguvu na kuanza kukata vilele vya mawimbi. Muziki hukwaruza, na koili nyembamba za spika ndogo huungua. Kitufe cha kurekebisha kiasi cha ishara itokayo kwenye redio, kilicho kwenye amplifaya, si cha kuongezea sauti. Kazi yake ni kuvilinganisha vyombo hivyo viwili.

Hata hivyo, hatari kubwa imo katika umeme. Basi dogo la Isuzu NQR, kwa mfano, hutumia betri mbili za volti 12 zilizoungwa ili kutoa volti 24, ilhali amplifaya nyingi za magari zimeundiwa volti 12. Baadhi ya mafundi hufuata njia ya mkato: huchota umeme kwenye betri moja. Muziki utalia, naam, lakini betri hiyo itabaki na upungufu wa chaji huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi. Hatimaye zote mbili hufa, moja kwa njaa na nyingine kwa shibe. Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, chenye kumudu ampea zote zitakazohitajika.

Ampea hizo si chache. Amplifaya ya wati 600 za RMS yaweza kuvuta ampea 80 hivi inapofikia ukomo wake, kwa kuwa sehemu ya umeme hugeuka joto. Waya mwembamba wa taa hauwezi kubeba mzigo huo bila kuyeyuka. Fyuzi nayo ifungwe karibu kabisa na betri, si kando ya amplifaya, ili waya ukichubuka dhidi ya chuma cha bodi, umeme ukatike kabla moto haujawaka chini ya viti vya abiria.

Tangu 2009 kumekuwa na kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira, inayosimamiwa na NEMA. Wufa ikiachiwa sauti za chini ya hezi 80, na spika za milangoni zile za juu yake, maneno ya wimbo husikika wazi bila kufungulia sauti hadi mwisho.