Maporomoko ya Norway na Maji Yaliyopimwa

Wako jamaa zetu wanaoishi Ulaya ambao likizo ya kiangazi huwapeleka watoto Norway kutazama maporomoko ya maji. Tumeona vyema tuyaeleze kidogo, kwani mna jambo ambalo wengi wanaoyapiga picha hawalijui.

Kwanza, kwa nini yawe mengi huko? Zamani nchi ile ilifunikwa na barafu nzito. Barafu hiyo ilitambaa polepole kuelekea baharini, ikayachimba mabonde makubwa yakaenda chini sana, na mabonde madogo ya pembeni yakabaki juu. Ilipoyeyuka, bahari ikaingia katika mabonde ya chini, na hiyo mikono ya bahari ndiyo huitwa fiodi. Mito ya juu ikawa haina njia ila kujitupa ukingoni. Katika fiodi ya Geiranger, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2005, mito saba huanguka bega kwa bega. Wenyewe huiita Dada Saba.

Mashuhuri zaidi ni Vøringsfossen, karibu na Eidfjord, ambako maji huanguka mita 182. Lakini maji hayo yamepimwa! Tangu miaka ya 1980 sehemu kubwa ya maji ya mlimani hukusanywa kwenye mabwawa na kupitishwa chini ya ardhi hadi kwenye mitambo ya umeme ya Sima. Kibali cha mitambo hiyo kinalazimisha kwamba kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba ziachwe angalau mita za ujazo 12 kila sekunde, ili wageni wakute cha kutazama.

Watu wa Norway hawakuyapokea mambo haya kimya kimya. Mwaka 1970 mamia walipiga kambi Mardalsfossen kuzuia ujenzi wa mtambo, akiwemo mwanafalsafa Arne Næss, mpaka polisi wakawabeba na kuwaondoa. Mtambo ulijengwa hata hivyo, na poromoko hilo sasa hufunguliwa kiangazi tu. Hatusemi waliojenga walikosea, maana sehemu kubwa sana ya umeme wa nchi ile hutoka kwenye maji, bila moshi. Ila mtazamaji ana haki ya kujua bei yake.

Bei hiyo Tanzania inaijua. Norway ilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za mradi wa umeme wa Kihansi. Maji yalipogeuzwa kwenda mtamboni, manyunyu ya poromoko yakapungua mno, na chura mdogo aliyekuwa akiishi hapo tu duniani akatoweka. Ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia maji, na mwaka 2012 vyura waliozalishwa Marekani wakaanza kurudishwa.

Kwa familia inayokwenda Norway, basi, Juni na Julai ndiyo miezi mizuri, theluji ya mlimani ikiwa bado inayeyuka. Pale Vøringsfossen pana daraja la ngazi 99 lililofunguliwa mwaka 2020, na uzio. Watoto wasiuvuke hata kwa picha moja, kwani wako watalii walioanguka pale wakafa. Na wazazi wakumbuke kwamba mwishoni mwa Juni jua huchwa huko karibu saa tano za usiku. Mtoto aliyezoea kulala baada ya Isha atasinzia kabla Magharibi haijaingia, kwa hiyo safari ya siku ya pili isipangwe alfajiri.